Bahari Imeingia Timbulsloko
Timbulsloko, kijiji cha wilaya ya Demak, mashariki mwa jiji la Semarang katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, Indonesia, kilikuwa cha wakulima wa mpunga. Leo bahari imeingia hadi uvunguni. Majirani hutembeleana kwa vijia vya mbao, na sakafu zimeinuliwa tena na tena hadi mtu mzima huinama kupita mlangoni. Hata makaburi yalifunikwa na maji, wanakijiji wakayajazia udongo. Tusiibebeshe bahari lawama zote: mikoko ilifyekwa ili kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, na uvutaji wa maji ya ardhini kwa visima, vikiwemo vya viwanda vya ukanda huo, unaididimiza nchi. Wanakijiji wameacha majembe, wameshika nyavu. Walionufaika na visima wawagharimie, wahame au wabaki.