"Kenya" si anwani ya kirusi

Binamu yangu alikwenda kutoa damu, akaambiwa ana kirusi cha homa ya ini B. Kirusi cha aina gani? Hakuna aliyemwambia. Nyumbani wakaanza kumtengea sahani na kikombe, upuuzi mtupu, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja.

Basi jana nikakaa nje ya Ngome ya Yesu na kahawa chungu, kompyuta mapajani, nikaingia GenBank, hifadhidata ya umma ya vinasaba. Jamani, kirusi chenyewe kina herufi kama 3,200 tu! Na zimebanwa kiajabu: maagizo ya protini ya ganda yamo yote ndani ya maagizo ya kimeng'enya kinachonakili kirusi, ila yanasomwa kuanzia herufi nyingine. Kijana wa ofisini akiniletea programu ya namna hiyo, namfukuza.

Kinachonikera ni safu ya mahali. Kanuni zinaruhusu uandike nchi, nukta pacha, kisha mji. Mji si lazima. Mtu anaandika "Kenya", anafunga, anakwenda zake.

Kisha tunajumlisha: Kenya ni A1. Kweli, tafiti zimeikuta A1 kwa wingi, na D pia. Lakini aina moja kuu hutofautiana na nyingine kwa takriban asilimia 8 au zaidi ya herufi, na ndani ya kila moja kuna matawi. A1 hiyo hiyo iko India na Brazili. D imeenea kutoka Mediterania hadi India. Tazama nilipokaa: Wareno walijenga ngome hii 1593 hadi 1596, Waomani wakaitwaa 1698, na majahazi yalikuwa yakitia nanga hapa kabla yao wote. Mpaka wa Kenya ulichorwa juzi tu. Kwa nini kirusi cha Mji wa Kale kiwekwe kapu moja na cha Turkana?

Utaniambia chanjo inakinga dhidi ya aina zote, na watoto wa Kenya wanapewa tangu 2001. Sawa, lakini binamu yangu alizaliwa kabla ya hapo. Tena kipimo cha kawaida hutafuta protini ya ganda. Herufi zikibadilika mahali pabaya, umbo la protini hubadilika, na baadhi ya vipimo hupitwa. Mtu anayechagua kipimo cha kukagulia damu Mombasa anahitaji kujua mabadiliko yaliyoko Mombasa. Na huko Afrika Kusini, A1 imehusishwa na saratani ya ini kwa watu wa umri mdogo. Hilo nalo si la kuachia neno moja, "Kenya".

Waheshimiwa watafiti, mji mnaujua, mmeuandika kwenye daftari siku mliyochukua damu. Si jina la mgonjwa ninalotaka, siri yake ibaki yake. Nataka mji tu. Mombasa ina herufi saba.