Maskini Pia Anastahili Kitu Kizuri

Msee, ukisikia "makavazi" unawaza vyungu na vumbi, si ndio? Sasa skia hii. Mjini Beaune, Ufaransa, kuna makavazi ndani ya hospitali iliyoanzishwa 1443. Nicolas Rolin, chansela wa mtawala wa Burgundy, na mkewe Guigone de Salins waliwajengea maskini. Halafu wakamwagiza Rogier van der Weyden, mmoja wa wachoraji wakali wa enzi hiyo, achore Siku ya Kiyama. Picha hiyo haikwenda sebuleni kwa tajiri. Iliwekwa altareni, kwenye ukumbi uleule walikolazwa wagonjwa.

Utasema Rolin alikuwa anajinunulia tikiti ya mbinguni. Pengine. Lakini jengo hilo liliendelea kuwa hospitali hadi 1971, na mnada wa mvinyo wa kila Novemba bado unachangia matibabu.

Sisi tumezoea kuambiwa asiye na pesa ashukuru akipata benchi. Kataa! Siku ukipiga foleni hospitali ya umma, inua macho uangalie ukuta. Dawa kwanza, sawa. Ila usafi, mwangaza na picha nzuri si za wenye bima pekee. Tudai vyote.