Goma: Ukingo wa ziwa wajaa watu, kazi ni ileile ya kubeba

Jua likichomoza, mashua za kwanza zinakuwa zimeshafika Kituku. Zinatoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, zimezama hadi karibu na ukingo kwa uzito wa ndizi, mihogo, maharagi, mananasi, mbuzi na makala. Vijana wanaingia ziwani hadi kiunoni kugombania mizigo kabla mashua haijafungwa. Gunia moja la makala linashushwa na mbeba mizigo, linasukumwa na mwenye chukudu, linanunuliwa na mama wa sokoni, linagawanywa na mama mwingine wa Mabanga ama Katoyi anayeuza kwa kikopo, na kila mmoja anabakiza kitu kidogo cha kununua unga wa jioni. Pengine hiyo ndiyo ajira kubwa kuliko zote katika Goma. Haina mkataba, haina mshahara wa mwezi, na hakuna ofisi yenye hesabu yake.

Hata hesabu ya watu wenyewe haipo. Congo ilifanya sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire, na jumla ilikuwa karibu watu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba imepita milioni 100. Goma ya 1984 ilikuwa mji mdogo usiofikisha watu laki moja. Goma ya leo, wengine wanasema ina wakaaji milioni moja, wengine wanakaribia mbili. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni kubwa kuliko mji mzima wa wakati ule, mara kadhaa. Mtu aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya sensa ile leo ana miaka 40 hivi na wajukuu huenda wako njiani, lakini serikali haijamhesabu hata siku moja, isipokuwa labda alipoandikishwa kwa ajili ya kura. Na huko pia, uchaguzi wa Desemba 2023 uliwaruka wakaaji wa Masisi na Rutshuru karibu wote kwa sababu ya vita.

Kuna mahali pamoja tu ambapo watu walihesabiwa vizuri, kichwa kwa kichwa, familia kwa familia: katika kambi za wahami. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mtu alihesabiwa ili apewe turubai, ndoo na unga. Kabla ya Januari 2025 hesabu hizo zilionyesha mamia ya maelfu ya watu kuzunguka Goma. Mji ulipochukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa mwezi ule, kambi zilivunjwa katika wiki chache, watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine walirudi kweli. Wengine waliingia katika vyumba vya kupanga vya Ndosho na Mugunga, wengine wakakaa kwa ndugu, wengine wakashuka ukingo wa ziwa kutafuta pa kuanzia. Karatasi zilizowahesabu hazina kazi tena, lakini watu wapo, na kila asubuhi wanahitaji kula.

Mtu akitoka Goma kwa barabara ya magharibi anaona jambo hilo kwa macho. Sake, kilomita kama 25 hivi. Kisha Bweremana, kisha Minova, kisha vijiji vya Kalehe vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Mahali ambapo wazee wanakumbuka mashamba ya kahawa na nyumba chache za udongo, leo kuna mabati, maduka ya simu, dawa, baa, vibanda vya kutuma pesa. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba Minova iwe mji. Iliufanya mji mchanganyiko wa vita vya Masisi, uhaba wa ardhi milimani na ukaribu wa soko la Goma.

Goma yenyewe ilikua kwa mapigo. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa majimbo matatu na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia katika siku chache, kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji, na Mei 2021 ikatapika tena. Kila mara wageni wa misaada walikuja, na pamoja nao ikaja kazi ya aina mpya: dereva, mlinzi, mkalimani, mpishi, mtu wa kuandika ripoti. Nyumba za Himbi na Keshero zilipangishwa kwa dola. Vijana walisoma chuo kikuu wakiwa na ndoto moja, kuingia shirika la kigeni. Miaka 30 mji umesomesha watoto wake kwa ajili ya mwajiri ambaye anakuja tu pale mambo yanapoharibika.

Mwajiri huyo ameyumba. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa misaada nchini, ilifunga mkono Januari 2025, mwezi uleule ambao mji ulibadilisha mikono. Mabenki yalifunga milango, ndege zikaacha kutua. Mwenye mshahara alilazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta pesa yake mwenyewe, na noti zilizobaki mjini zilichakaa mpaka wauzaji wakaanza kuzikataa. Watu waliokuwa na ofisi wameingia barabarani pamoja na wale waliokuwa huko tangu zamani. Mwenye lisansi ananunua pikipiki ya mkopo. Mwalimu anasimama kando ya barabara na madumu ya mafuta ya gari, ni kadhafi kama kadhafi wengine.

Wanasiasa wa pande zote wanapenda kusifu moyo huo wa kujitafutia. Sanamu ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu inasimama katika mzunguko wa barabara mjini, na picha hupigwa pale kila siku. Sifa hiyo wamama wa Kituku wanaistahili. Lakini ina hatari yake, kwa sababu inaficha hesabu rahisi. Gunia likiwa lilelile na mikono inayolipokea ikiongezeka kutoka mitano hadi minane, hakuna kazi tatu mpya zilizoundwa. Mkate umekatwa vipande vidogo zaidi. Mbeba mizigo anapata franka chache kuliko mwaka uliopita, na mama wa kikopo anapunguza makala kwenye kikopo, kwa sababu mwenzake wa pembeni ameshapunguza.

Kinachokosekana ukingoni ni kazi inayoongeza kitu juu ya mali kabla haijaondoka. Jioni mashua zinarudi Minova na Idjwi zikiwa na katoni za sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na biskuti, vingi vikiwa na maandishi ya viwanda vya Uganda, Kenya na Rwanda. Mananasi yanaenda, juisi inarudi. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi na ya Kalehe ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, ikiuzwa kwa bei ya mtu anayejificha, na wengi waliobeba magunia yale hawakurudi nyumbani. Ziwa liliwachukua.

Na hapo ndipo kuna mfano unaofaa kuangaliwa. SOPACDI, ushirika wa wakulima wa kahawa wa upande wa Minova, ulianzishwa mwaka 2003, vita vikiwa bado vibichi. Walijenga kituo cha kuosha kahawa, wakatafuta wanunuzi wa nje wanaolipia ubora, na vyama vingine vya ukingo na vya Idjwi vikafuata njia hiyo. Kuosha, kuanika na kuchambua buni ni kazi ya mikono mingi, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ni ya wanawake. Kahawa ni ileile iliyokuwa ikivushwa gizani. Kilichobadilika ni mahali kazi inapofanyikia.

Mfano mwingine uko kaskazini, Mutwanga, katika wilaya ya Beni. Mtambo mdogo wa umeme wa maji uliwashwa huko mwaka 2013, hata megawati moja haufiki, na pembeni yake kikaja kiwanda cha sabuni, baadaye cha chokoleti, vyote vikitumia mazao ya palepale. Goma imepata bahati kubwa kuliko hiyo: mtambo wa Matebe, Rutshuru, wenye megawati 13.8, ulifunguliwa mwisho wa 2015 na umeme wake ukafika mjini. Ajabu ni kwamba waya zilizofika zinachaji simu nyingi na kusindika matunda kidogo.

Hata sambaza, samaki ambao kila mtu wa Goma anadhani walikuwemo tangu uumbaji, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kabla ya hapo, katikati ya Kivu palikuwa karibu patupu, samaki wakikaa kandokando tu. Ilichukua miaka mingi kabla uvuvi wa usiku kushika nguvu, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa mbele, miti mirefu kama pembe. Leo ukiondoa sambaza, ukiondoa mvuvi, mwanikaji, mchuuzi na muuza chumvi, unaondoa chakula cha mitaa mizima. Waliomwaga samaki wale majini hawakungoja kwanza ziwa lipate soko.

Kikwazo cha pili ni mpaka. Minova iko Kivu Kusini kwa karatasi, lakini inakula, inaoa na inauza Goma. Tangu 1988 gunia linalotoka Buzi kwenda Kituku linavuka mpaka wa majimbo katikati ya maji, na kwa miaka mingi kila upande umekuwa na watu wake wa kudai tikiti, mbali na vizuizi vya wenye bunduki. Tangu Januari 2025 kingo zote mbili ziko chini ya mamlaka moja, AFC/M23. Kwa hiyo kisingizio cha majimbo mawili hakipo tena, na mchuuzi ana haki ya kuuliza kila tikiti anayokatiwa inajenga nini. Kinshasa nayo, ambayo ilikusanya kwenye bandari hizi miaka mingi, haiachi mfano wa kujivunia. Mwenye kutaka kuona matokeo ya makusanyo yale aende Kituku aangalie pale mashua zinaposhushia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja ufukweni pale Kituku. Makumi ya watu walikufa, wengi wakiwa wachuuzi. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na mapigano tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo mizigo yote na watu wote walisukumwa majini. Baada ya mazishi kulizungumzwa jaketi za kuokolea na idadi ya abiria, na hayo ni ya lazima. Lakini mashua inajazwa kupita kiasi pia kwa sababu ndizi zinaoza. Mchuuzi asiye na ghala Minova wala Goma hawezi kungoja mashua ya kesho.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 4 Mei 2023, mito ya Kalehe ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Zaidi ya miili 400 ilipatikana na maelfu ya watu hawakuonekana tena. Milima ya juu ilikuwa imekatwa miti, mingine kwa ajili ya mashamba, mingine kwa ajili ya yale makala yanayoshushwa Kituku, na nyumba zilikuwa zimejengwa hadi kwenye mapito ya maji, kwa kuwa kiwanja kingine hakikupatikana. Ukingo unapojaa bila mtu kupanga, soko linawekwa pale ambapo mto utapita.

Kuna watakaosema haya yote yangoje amani. Neno hilo lina uzito, hakuna mwenye akili atakayejenga kiwanda kikubwa penye mizinga. Lakini ghala la mbao lenye sakafu ya saruji si kiwanda. Gati ambalo mama anaweza kushuka bila kubebwa mgongoni si kiwanda. Mashine ya kukausha mananasi, barafu ya samaki, mizani ya sokoni isiyodanganya, hivyo vyote ni vya gharama ndogo, na wakaaji wameshaonyesha kwamba hawangoji. Watu wa Bweremana wamejenga na kujenga upya ndani ya vita mara kadhaa.

Kuhesabu pia kunawezekana bila kungoja Kinshasa iitishe sensa. Viongozi wa mitaa wanaijua mitaa yao, nyumba kwa nyumba. Vyama vya wachuuzi vya Kituku vinajua wanachama wao, wenye mashua wanajua walichobeba. Daftari moja bandarini, linaloandika magunia yaliyoshushwa, watu waliopita na tikiti zilizolipwa, na kusomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi mbele ya wamama wanaolipa, lingeonyesha kama makusanyo ya miezi sita yanatosha kumwaga saruji ya gati la kwanza. Mtu wa kwanza wa kulidai daftari hilo ni yule anayekatiwa tikiti, na wa pili ni mwenye mashua, ambaye hapendi kupoteza abiria.