Ving'ora vya Foklifti na Kalamu ya Karani

Naomba nafasi ndogo niseme neno juu ya ving'ora na taa za foklifti. Najua wengine watauliza, karani na foklifti wapi na wapi? Jibu ni kwamba aandikaye ombi la kununua ndiye achaguaye, na mwandishi huyo mara nyingi ni mmoja wetu.

Makambako reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na barabara ya Njombe na Songea yaanzia hapo. Mbao, nguzo, chai na viazi vyote hupita. Kazi iliyokuwa ya mabega ya vijana, katika nyua nyingi sasa ni ya foklifti. Sina ugomvi na chombo hiki. Lakini foklifti inyanyuayo tani 3 yenyewe huwa na uzito upitao tani 4, tena huongozwa kwa magurudumu ya nyuma, hata ikikata kona mkia wake hujitupa nje ukamfagia aliyesimama ubavuni. Na mzigo mrefu humziba dereva macho, ikamlazimu kwenda kinyumenyume.

Mwaka mmoja nilikuwa katika uwanja wa mbao, nikihesabu mzigo, daftari mkononi. Zilikuwapo foklifti tatu, zote zikilia mlio mmoja, pi, pi, pi, tangu asubuhi. Ilipofika saa nane sikuwa nikiusikia tena, kama akaaye karibu na kinu asivyosikia kinu. Mpakiaji mmoja alinivuta kwa kola ya shati, nikaona chuma cha nyuma kikipita pale pale nilipokuwa nimesimama. King'ora hakikuwa kibovu; kilikuwa kikilia. Ndiyo sababu roho huniuma nisomapo ombi lililoandikwa "king'ora cha foklifti, 1", basi, na bei ndogo ikashinda.

Mlio huo wa pi-pi ulitolewa Japani na kampuni ya Yamaguchi mwaka 1963. Husikika mbali, lakini sikio hushindwa kujua watoka upande gani, na penye kuta na marundo ya mbao mwangwi huzidi kulipoteza. Iko aina nyingine itoayo mvumo mzito wa kukatika-katika, mfano wa maji ya maporomoko; upande wake hutambulikana upesi, wala hausumbui majirani. Kiko pia kijipimacho chenyewe, kikapaza sauti penye msumeno na kuipunguza penye kimya. Kanuni ya kimataifa ISO 7731 yataka ishara ya hatari izidi kelele ya mahali kwa desibeli 15 au zaidi. Maana yake, king'ora kifaacho ghala la parachichi Njombe hakitasikika kando ya msumeno, na kile cha msumeno kitawatesa watu wa ghala.

Tena Njombe ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai watu hufunika vichwa kwa kofia za sufu hata masikioni, na watu wa msumeno huziba masikio kwa sababu ya kelele. Hao wataonywa na nini, kama si taa? Taa ya buluu hutupa doa sakafuni mita chache mbele ya foklifti, ukajua kwamba yaja kabla hujaiona kwenye pembe ya ghala. Taa nyekundu huchora mstari ubavuni, asiuvuke mtu; nami naipenda zaidi, kwa ajili ya ule mkia. Lakini zote mbili ni za ndani. Katika uwanja wa wazi jua huzimeza, na hapo heri taa ya manjano imetayo juu ya paa.

Wako wasemao dereva apige honi tu. Nimekwisha kuona waya wa king'ora umekatwa na dereva mwenyewe. Nilipomwuliza alisema kichwa chamwuma. Simlaumu sana. Aliyekinunua hakukaa nacho hata saa moja.

Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi imemtwika mwajiri wajibu huu. Hata hivyo, mkaguzi huja akaondoka, na kitu kilichonunuliwa hukaa miaka. Basi nashauri hivi: karani asiandike ombi kabla hajasimama uwanjani, misumeno ikinguruma, pamoja na dereva na wapakiaji. Aandike ni ndani au nje, kelele kiasi gani, na umeme wa foklifti ni volti ngapi. Tena muuzaji akifunge na kukijaribu mahali pale pale kabla ya kulipwa.

Fomu ya ukurasa mmoja nimekwisha kuiandika. Nitaileta katika mkutano ujao, na yule mpakiaji nimemwomba aje aisome kwanza.