Madhara ya karata hufutwa zamu ikiisha, ya mtoto je?

Baridi ya Lushoto mwezi Julai huwaingiza watoto ndani mapema. Katika nyumba moja, binamu kutoka Dar es Salaam amekuja na karata za Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993. Haijapita nusu saa, ndugu wawili wanagombana.

“Kiumbe wako alishaumia zamu iliyopita!” analia mdogo.

“Ameshapona,” anajibu kaka yake.

Mama anaingia, anakusanya karata na kumwita mkubwa mwizi. Kumbe mkubwa alikuwa sahihi.

Kila karata ya kiumbe ina namba mbili chini, upande wa kulia. Ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni uwezo wa kustahimili. Kiumbe wa 3/3 akishambulia na kuzuiwa na wa 2/2, kwa kawaida hupigana kwa wakati mmoja. Wa 2/2 anapata madhara 3, yanamzidi, anakufa. Wa 3/3 anapata 2, anabaki hai. Ndani ya zamu hiyohiyo madhara hujumlishwa: akiongezewa 1 tu, naye anakufa. Asipoongezewa, zamu ikiisha madhara yote hufutwa, na zamu inayofuata anaanza akiwa mzima.

Babu aliyezoea bao ataliona jambo hili geni, kwani kwake kete ikiliwa imeshahamia kwa mlaji.

Mchezaji mwenyewe, hata hivyo, hana bahati ya viumbe wake. Anaanza na pointi 20 za uhai. Mshambuliaji asipozuiwa, madhara humfikia yeye, na zamu ikiisha hayafutwi. Pointi hupungua hadi sifuri, labda itokee karata ya kumrudishia uhai.

Mtoto naye yuko hivyo. Aliyeitwa mwizi mbele ya binamu yake, ilhali alifuata kanuni, hatasahau kwa kulala usiku mmoja. Mzazi asiyeujua mchezo aulize kwanza: kila mmoja ajieleze, kisha kanuni isomwe. Na akiwa ameshakosea, amwambie, “Nisamehe mwanangu, ulikuwa sahihi,” mbele ya walewale waliosikia akiitwa mwizi.