Mapumziko ya mchana Bujumbura: tukae wapi tule?

WAFANYABIASHARA wanaoingia Bujumbura wakitokea Kobero na Mugina wanalijua vizuri jambo hili. Unashuka garini saa tano na nusu, unakimbilia ofisi yenye mhuri unaoutaka, unakuta watu kumi mbele yako, na kabla hujalifikia dirisha inagonga saa sita. Karani anafunga daftari. Rudi saa nane.

Kwa aliyezoea Kigoma au Kahama, mambo haya ni mageni. Ng'ambo ile ofisi ya serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi ikaenda moja kwa moja hadi saa tisa na nusu alasiri, na watumishi hutoka kula kwa zamu. Sisi hapa tulirithi utaratibu wa Wabelgiji, wa kuukata mchana katikati. Uliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, mwenye nyumba Rohero au Kiriri, na mwenye mpishi aliyekwisha kuandaa meza. Huyo alikwenda nyumbani, akala, akajinyoosha kidogo, akarudi kazini shati likiwa kavu.

Hatuupingi utaratibu huo. Joto la mji huu, ulio bondeni kandokando ya Ziwa Tanganyika, si la kuchezea, na mtu anayesukumwa afanye kazi mfululizo kuanzia asubuhi mpaka jioni hafanyi kazi nzuri. Mapumziko marefu ya mchana ni neema ambayo miji mingi ya jirani imeikosa. Tunachouliza ni nani hasa anayepumzika, na anapumzikia wapi.

Mwalimu anayeishi Kinama au Carama hawezi tena kwenda nyumbani kula na kurudi kwa wakati. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji, na aliyekuwa akirushwa nyumbani kwa dakika kumi akabaki na miguu yake. Uhaba wa mafuta ukafuata, ukauma zaidi mwaka 2024, mabasi yakawa ya kugombania. Hivyo watu waliokuwa wakitawanyika saa sita wamebaki mjini, wamejipanga kwenye vivuli vya majengo kama ndege juu ya waya. Mama mmoja amekalia boksi, mwingine ameegemea nguzo, na kila kivuli kinaposogea nao wanasogea.

Utasema, ndugu msomaji, mikahawa ipo. Ni kweli ipo. Ipo yenye vioo na hewa baridi, ambako orodha ya vyakula imeandikwa Kifaransa kuanzia juu hadi chini, na mhudumu anakuuliza kwa Kifaransa utakunywa nini kabla hujavuta kiti. Chakula chake si kibaya. Lakini sahani moja pale ni sahani tatu au nne kwingineko, na sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, tunajikuta tunafanya mtihani kabla ya kula. Mtu anaagiza kile anachoweza kukitamka, si kile anachokitaka.

Ipo pia ile ya kujipakulia, ambayo ndiyo inayolisha wengi. Wali, ndizi, maharage, viazi, lengalenga, kipande cha nyama kinachotolewa kwa uangalifu mkubwa na mwenye kijiko. Unashiba, hilo halina ubishi. Tatizo ni kukaa. Viti ni vichache, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na wanaosubiri wamesimama nyuma ya shingo yako wakihesabu matonge. Tonge la mwisho likishashuka, sahani imeondoka na meza imepanguswa, maana yake nyanyuka. Dakika ishirini zimepita. Saa nzima na dakika arobaini bado unazo, na jua liko utosini.

Kwa mfanyabiashara jambo hili si la starehe peke yake. Ana mkoba wenye fedha za watu, pengine mzigo wa vitenge miguuni, na ametoka nyumbani alfajiri. Anahitaji kiti chenye ukuta nyuma yake, maji ya kunawa, na choo. Juu ya choo tusione haya kusema, kwa sababu wanawake wanaovuka mpaka wanatueleza kwamba huacha kunywa maji tangu asubuhi kwa kutojua watajisitiri wapi mjini. Mwanamke anayejinyima maji kwenye joto la Bujumbura ili amalize biashara yake hawezi kuambiwa kwamba amepewa mapumziko.

Wengine watatuelekeza ziwani. Ni kweli kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kulia mchana: upepo, milima ya Kongo ng'ambo, na ukibahatika unamwona kiboko akitoa pua. Lakini asiye na gari hawezi kwenda na kurudi bila kuchelewa, na bei za huko zimepangwa kwa ajili ya wageni na Jumapili. Tena maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na mara nyingine 2024, kumbi kadhaa za ufukweni ziliingiliwa na maji.

Sisi tumekwenda upande mwingine, kwa miguu, mpaka Buyenzi. Si mbali na katikati ya mji, na kwa mwendo wa kawaida unafika kabla shati halijaloa. Ukiipita mitaa ya mafundi magari na vipuri, utakuta nyumba ambazo kwa mbele zina meza mbili tu na kwa nyuma zina ua wenye mwembe au turubai, na birika la kunawa mlangoni. Pale kuna pilau, chapati, maharage, ugali wa muhogo, na samaki. Mukeke wa pale ndiye mgebuka yuleyule wa Kigoma, na ndagala ndiyo dagaa, hivyo mrejeaji hana cha kujifunza isipokuwa jina. Mukeke wa kuchomwa hachelewi kuisha lakini huchelewa kuiva. Mwagize mara tu unapoingia, kisha nawa, kaa, zungumza. Hakuna atakayekuondoa. Mama wa nyumba anakuita mwanangu au kaka kulingana na mvi zako, anakuuliza kwa Kiswahili umetoka wapi, wala hashangai ukimjibu kwa lafudhi ya Tabora. Kwa mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba Kirundi chake kina kasoro na Kifaransa hana kabisa, saa moja ya kutosahihishwa ni sehemu ya chakula.

Samaki, hata hivyo, si wa kila siku. Tanzania ilipofunga uvuvi kwenye ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili dagaa na migebuka wazaliane, wengi wetu tulikula maharage, na hatukufa.

Lakini Buyenzi haiwezi kubeba mji mzima, wala haifai kuwa udhuru wa kuiacha katikati ya mji bila pa kukaa. Soko Kuu liliteketea Januari 27, 2013, na miaka mingi ilipita bila soko jingine kujengwa palepale. Kila linapozungumzwa upya tunasikia habari za ghorofa na maduka. Hatujasikia habari za mama lishe. Tunaomba wakubwa wanaopanga mji watenge upande mmoja wa kiwanja hicho uwe wa chakula cha mchana: paa refu la kupitisha upepo, mabenchi yenye egemeo, mabomba ya kunawia, na vyoo vinavyotunzwa kwa ada ndogo ambayo muuza nyanya anaimudu. Akina mama wanaouza chakula kwenye ndoo na kukimbizwa barabarani wapangishwe humo. Watalipa kodi, na askari watapata kazi nyingine.

Hayo yatachukua muda na fedha. Lipo moja ambalo halisubiri bajeti. Wenye mikahawa ya katikati ya mji wanaweza kuanzia kesho kupunguza redio kati ya saa sita na saa nane, na kumwachia mteja kiti chake maadamu hakuna aliyesimama akikisubiri.