Mdudu Asiye na Cheti

Juzi mbawakawa aliingia ofisini kwetu Upper Hill, karani mmoja akataka kumkanyaga. Nikamzuia. Vipapasio vyake vilizidi urefu wa mwili, na jicho lilizunguka shina la kipapasio: ndizo alama za ukoo wake. Wengi wa ukoo huo hula miti iliyokufa. Lakini *Monochamus leuconotus*, yaani mwenye mgongo mweupe, funza wake hula ganda la mkahawa karibu na ardhi hata mti ukafa.

Basi mkulima, uonapo majani ya manjano na unga wa mbao shinani, mtie mdudu chupani, andika mahali, tarehe na mti, umpeleke kwa Bwana Shamba. Mdudu asiye na cheti ni barua isiyo na anwani.